Nani alilibomoa Parthenon?

Kila Ugiriki inapoidai Uingereza michongo iliyoko London ya Parthenon, hekalu la kale juu ya kilima cha Akropoli mjini Athens, mjadala unaozuka mitandaoni huja na majibu matatu. Mmoja atasema jengo lilichakaa lenyewe, maana lina miaka karibu 2,500. Mwingine atasema Waturuki walililipua. Wa tatu atasema Waingereza walilivunja wakaondoka na mawe. Kila jibu lina chembe ya ukweli, na hakuna linalotosha. Wengi hawajui kwamba jengo hili lilisimama na kuta zake kwa zaidi ya miaka 2,100, likitumika karibu muda wote huo, kisha likasambaratika jioni moja ya Septemba 1687. Ukilinganisha na umri wake, lile gofu la kwenye picha ni la juzi tu.

Tuanze na majina. Akropoli si hekalu. Ni kilima cha mwamba katikati ya Athens, kilele chake kimesawazishwa na kuzungushiwa ukuta. Juu yake kuna majengo kadhaa, na Parthenon ndilo kubwa kuliko yote. Upande wake wa kaskazini kuna Erechtheion, lile lenye sanamu za wanawake waliobeba dari kichwani, na watu wengi huweka picha yake wakidhani ni Parthenon. Neno Parthenon linatokana na *parthenos*, yaani bikira, sifa ya Athena, mungu wa kike aliyeaminiwa kuulinda mji.

Michongo inayogombewa ilikuwa ya aina tatu. Juu ya nguzo za nje palipachikwa vibao 92 vya marumaru vyenye picha za mapigano. Ndani kidogo, juu ya ukuta wa hekalu lenyewe, ulizunguka mkanda mmoja wa michongo wenye urefu wa mita 160 na kimo cha mita 1, ukionyesha maandamano ya watu, farasi na wanyama wa kafara. Na kwenye pembetatu mbili za chini ya paa, mbele na nyuma, palisimamishwa sanamu kubwa kamili: mashariki kuzaliwa kwa Athena, magharibi Athena na Poseidon, mungu wa bahari, wakiugombea mji. Mgawanyo huu tuuweke akilini, kwa sababu kila aina ilipatwa na yake.

Hekalu lisilo na waumini ndani

Neno "hekalu" nalo linapotosha. Aliyezoea kanisa au msikiti huwaza watu wamejaa ndani wakiabudu. Hekalu la Kigiriki lilikuwa nyumba ya mungu mwenyewe, yaani ya sanamu yake, na ibada kubwa ya kafara ilifanyika nje, kwenye madhabahu ya wazi. Ndani ya Parthenon alisimama Athena aliyetengenezwa na mchongaji Pheidias, kimo chake karibu mita 12, mwili wa pembe za ndovu na mavazi ya dhahabu juu ya kiunzi cha mbao.

Ile dhahabu haikuwa pambo tu. Mwanahistoria Thucydides anaeleza kwamba Pericles, kiongozi wa Athens, aliwakumbusha wananchi wakati vita vinakaribia kwamba sanamu ilivikwa dhahabu ya uzito wa talanta 40, yote ya kuvuliwa, na kwamba wangeweza kuitumia mradi wairudishe. Talanta moja ilikuwa karibu kilo 26, kwa hiyo hapo kuna zaidi ya tani moja. Chumba cha nyuma nacho kiliwekwa mali ya mji na ya mungu. Hata fedha za ujenzi zilikuwa na maneno: mwaka 454 KK hazina ya muungano wa miji iliyopigana na Uajemi ilihamishwa kutoka kisiwa cha Delos ikaletwa Athens, na wapinzani wa Pericles walimshutumu kwamba anaupamba mji kwa michango ya wenzao. Ukitafuta mfano wa kueleweka leo, Parthenon lilikaribia zaidi chumba cha akiba cha benki kuu kuliko kanisa kuu.

Pembe nayo ilikuwa na shida zake. Kilima kile ni kikavu, na pembe ya ndovu ikikauka mno hupasuka. Msafiri Pausanias, aliyepita hapo karne ya 2 BK, anasema sanamu ile ilitunzwa kwa maji ili kuipa unyevu hewa iliyoizunguka. Dhahabu yenyewe ilikuwa imeshavuliwa zamani: mwaka 295 KK hivi mtawala aliyeitwa Lachares, akiwa amezingirwa na hana pesa za kuwalipa askari, alifanya hasa alichosema Pericles kinawezekana. Sehemu ya kurudisha hakuifikia.

Mawe yasiyo na saruji

Ili tuelewe jengo lilivyoharibika, lazima tujue lilivyoshikamana. Mwaka 480 KK Waajemi waliuchoma mji, na hekalu lililokuwa likijengwa mahali hapohapo liliungua kabla halijafika paa. Pingili za nguzo zake zilipachikwa kwenye ukuta wa kaskazini wa kilima, na mpaka leo ukiwa mjini chini unaziona. Parthenon tunalolijua lilianza mwaka 447 KK chini ya wasanifu Iktinos na Kallikrates. Sanamu ya Athena iliwekwa ndani mwaka 438 KK na michongo ya mwisho ikamalizika mwaka 432 KK. Miaka 15 kwa kazi ile si mingi hata kidogo. Marumaru ilitoka Mlima Pentelikon, kilomita 16 hivi kutoka kilimani.

Nguzo za nje ni 46: nane mbele, nane nyuma, na 17 kila ubavu ukihesabu za kwenye kona. Kila moja ina kimo cha mita 10.4 na si jiwe moja; ni pingili 10 hadi 12 zilizopandishwa moja juu ya nyingine kama pingili za muwa, zikishikiliwa katikati na kigingi cha mbao ili zisicheze wakati wa kupanga. Hakuna udongo wala chokaa kati yake. Waashi walisugua ukingo wa nje wa kila pingili mpaka ukalingana sawasawa na wa mwenzake, na eneo la katikati wakaliacha chini kidogo, ili mawe yagusane pale tu yanapoonekana. Michirizi ya wima inayoipamba nguzo ilichongwa baada ya nguzo kusimama, maana pingili zikichongwa chini michirizi haitakutana.

Kutani kazi ilikuwa nyingine. Jiwe na jiwe viliunganishwa kwa kibano cha chuma kilichofanana na herufi H iliyolazwa. Fundi alichimba mfereji wa umbo hilo, nusu kwenye jiwe hili na nusu kwenye lile, akalaza kibano, kisha akamimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa mpaka chuma kikafunikwa chote. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, moto ambao hata jiko la mkaa linaufikia. Ikipoa inafanya kazi mbili. Kwanza inazuia maji na hewa visikifikie chuma. Pili, kwa kuwa ni laini, tetemeko likipita kibano kinacheza kidogo ndani ya mto wake badala ya kulipasua jiwe. Tutairudia risasi hii, kwa sababu kuipuuza kulikuja kuligharimu jengo karne 23 baadaye.

Sifa nyingine inayosimuliwa sana ni kwamba Parthenon halina mstari ulionyooka. Imetiwa chumvi, lakini kiini chake ni kweli. Sakafu imebinuka: katikati ya ubavu mrefu, wa mita 69.5, iko juu ya kona kwa sentimita 11 hivi. Upande mfupi, wa mita 30.9, kwa sentimita 6 hivi. Fundi wa leo akivuta kamba kutoka kona hadi kona, kamba itakwama kwenye jiwe. Weka kofia kwenye ngazi upande mmoja, kainame upande wa pili macho yakiwa usawa wa ngazi, hutaiona. Mvua inateremka vizuri kwa mbinuko huo, na wengi wanaamini ulikusudiwa pia kuliondolea jengo sura ya kulegea katikati. Ama habari ya "kanuni ya dhahabu", ule uwiano wa kihesabu unaochorwa juu ya picha za hekalu hili, vipimo halisi haviuungi mkono. Wachoraji huchagua wenyewe pa kuanzia na pa kuishia mpaka mstatili ukubali.

Na halikuwa jeupe. Mabaki ya rangi yamepatikana, ikiwamo buluu ya Kimisri, na sehemu za juu ziling'aa kwa buluu na nyekundu. Huo weupe tunaousifu umebaki baada ya rangi kufutika.

Kilicholiweka hai

Anayeishi kwenye nyumba za mawe za Lamu au Unguja hahitaji kufundishwa hili: nyumba huuawa na paa. Boriti zikioza na maji yakaanza kuingia ukutani, kuta nene kiasi gani hazisaidii. Nyumba yenye mtu huzibwa palipovuja. Isiyo na mtu huanguka. Historia ya Parthenon ni hiyohiyo kwa kipimo kikubwa, na kwangu mimi ndilo jibu la swali la kwa nini lilidumu: muda mrefu sana halikuwahi kukosa mtu wa kulihitaji.

Mtume Paulo alipohubiri Athens, safari inayosimuliwa katika Matendo ya Mitume 17, alisimama Areopago, jina la mwamba ulio chini tu ya Akropoli. Aliposema Mungu hakai katika hekalu zilizojengwa kwa mikono, Parthenon lilikuwa na miaka karibu 500 na lilikuwa zima. Pigo la kwanza kubwa lilikuja karne kadhaa baada ya Paulo, moto ulipoteketeza paa na kuharibu sehemu ya ndani. Wataalamu wengine wanauhusisha na uvamizi wa Waheruli, kabila kutoka kaskazini, mwaka 267 BK. Jengo liliezekwa upya kwa vigae vya udongo, safari hii juu ya chumba cha ndani tu, na ukumbi wa nguzo za nje ukabaki wazi. Ukarabati wa watu wasio na uwezo kama wa zamani, lakini kuta zilifunikwa.

Dola ya Roma ilipokuwa ya Kikristo na mahekalu kufungwa, sanamu ya Athena iliondolewa, na kati ya karne ya 5 na ya 6 jengo likawa kanisa la Bikira Maria. Kutoka bikira mmoja kwenda mwingine, ndivyo watu wanavyopenda kutania. Ugeuzaji wenyewe ulikuwa kazi ya ujenzi. Mlango wa hekalu ulikuwa mashariki. Kanisa lilitaka madhabahu mashariki, hivyo mlango mkuu ukahamia magharibi, ukuta uliotenganisha vyumba viwili ukatobolewa, na upande wa mashariki ukajengwa ukuta wa nusu duara kuizunguka madhabahu. Ili huo upate nafasi, sanamu za katikati ya pembetatu ya mashariki, yaani kiini cha hadithi ya kuzaliwa kwa Athena, zilishushwa. Hizo hazikuchukuliwa na mgeni yeyote. Zilipotea hapo.

Vibao vya mashariki, magharibi na kaskazini navyo vilichongwa upya kwa hasira: nyuso na viungo vikapigwa nyundo mpaka vikabaki vivuli. Kibao kimoja cha kona ya kaskazini magharibi kilisazwa. Kinaonyesha mwanamke ameketi na mwingine amesimama mbele yake, na inadhaniwa kwamba macho ya Kikristo yaliona hapo malaika akimpasha Maria habari. Vya kusini, vyenye watu wakipigana na viumbe nusu farasi, havikuguswa sana, na ndiyo maana vingi vya London vinatoka upande huo.

Basi ni kweli Wakristo waliharibu michongo mingi, na ni kweli pia bila wao pasingebaki jengo la kuharibu. Kanisa lilidumu hapo karibu miaka 900, sawa na umri wa hekalu. Waumini walikwangua sala na taarifa za vifo vya maaskofu kwenye nguzo, maandishi zaidi ya 200. Mwaka 1018 Kaizari Basili wa Pili wa Constantinople alikuja kushukuru kwa kuwashinda Wabulgaria. Baada ya mwaka 1204 wapiganaji wa Msalaba kutoka magharibi walilifanya kanisa kuu la Kikatoliki.

Waturuki wa Dola ya Osmani waliingia Athens mwaka 1456, na miaka michache baadaye kanisa likawa msikiti. Hapa mabadiliko yalikuwa madogo kuliko watu wanavyodhani: mihrabu, mimbari, chokaa juu ya picha za kutani, na mnara uliopandishwa juu ya ule wa zamani wa kanisa kwenye kona ya kusini magharibi. Michongo ya nje kwa sehemu kubwa waliiacha ilivyokuwa. Tunajua hivyo kwa sababu mwaka 1674 mchoraji aliyefuatana na balozi wa Ufaransa, ambaye kwa kawaida anatajwa kuwa Jacques Carrey, aliichora karibu yote. Miaka 13 baadaye michoro ile ikawa ushahidi wa pekee wa vitu vingi.

Jioni ya Septemba 26, 1687

Venice, mji wa Italia uliokuwa dola wakati huo, ilikuwa vitani na Waosmani, na jeshi lake chini ya Francesco Morosini liliizingira Akropoli. Waturuki walikuwa wamejifungia kilimani. Walilivunja hekalu dogo la Athena Nike lililokuwa karibu na lango ili mawe yake yajenge kituo cha mizinga. Ndani ya msikiti, yaani ndani ya Parthenon, waliweka baruti, wakaweka na familia zao. Ukifikiria kuta zile zilivyo nene, uamuzi wa kuwaweka watu humo unaeleweka. Kuweka watu na baruti pamoja ndiko kulikoleta maafa.

Kombora lililorushwa kutoka kilima cha jirani lilipasua paa na kuiangukia baruti. Watu 300 hivi walikufa. Mlipuko ulisukuma kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo sehemu za katikati ndizo zilizoumia zaidi: kuta ndefu za chumba zilianguka, nguzo nane za ubavu wa kaskazini na sita za kusini zikaporomoka, na mkanda wa michongo uliokuwa juu ya kuta hizo ukashuka nazo. Ncha mbili, mashariki na magharibi, zilisalia. Ndiyo sababu Parthenon kwenye picha za zamani linaonekana kama majengo mawili yanayotazamana.

Kwa hiyo nani alililipua? Baruti ilikuwa ya Waturuki, kombora lilikuwa la Venice. Anayetaja upande mmoja tu anakusimulia nusu. Morosini akaongeza lake: alitaka kwenda nyumbani na sanamu ya Poseidon na farasi wa pembetatu ya magharibi, kamba zikakatika, zikavunjikavunjika chini. Mwaka uliofuata Venice iliondoka. Mji haukuwafaa kitu.

Sasa angalia kilichofuata, maana ndicho kinachosahauliwa. Waturuki waliporudi hawakuezeka tena. Walijenga msikiti mdogo katikati ya gofu, na jengo kubwa kwa mara ya kwanza likawa halina kazi. Tangu hapo likawa machimbo. Marumaru ni jamii moja na mawe ya matumbawe tunayochoma pwani: ukiitia kwenye tanuri kwa nyuzi 900 hivi unapata chokaa. Vipande vingi viliishia hivyo, vingine vikawa mawe ya nyumba za askari, na wasafiri wa Ulaya wakawa wanaondoka na kumbukumbu za mfukoni.

Elgin na karatasi ya 1801

Katika hali hiyo ndipo alipotokea Thomas Bruce, Bwana wa Elgin, balozi wa Uingereza kwa Waosmani. Mwaka 1801 alipata barua kutoka serikali ya Istanbul. Barua yenyewe ya Kituruki haijaonekana. Iliyopo ni tafsiri ya Kiitaliano. Inawaruhusu watu wake kuchora, kumimina plasta, kuchimba, na kuchukua "vipande kadhaa vya mawe" vyenye maandishi na picha. Ugomvi wote wa kisheria umesimama juu ya maneno hayo. Je, ni vipande vilivyookotwa chini, au ni ruhusa ya kupanda juu na kung'oa?

Watu wake walipanda. Vibao vya michongo vilikuwa vimeteremshwa toka juu kwenye mifereji iliyochongwa ubavuni mwa mawe jirani, kama ubao wa dirisha la kusukuma, kisha vikakandamizwa na mawe ya ukingo wa paa. Huwezi kukitoa kimoja bila kuangusha kwanza ukingo ulio juu yake, na ukingo huo uliangushwa. Mawe ya ule mkanda yalikuwa mazito mno kwa meli, hivyo walikata migongo yake kwa msumeno wakachukua uso uliochongwa. Meli moja, Mentor, ilizama karibu na kisiwa cha Kythera mwaka 1802, na wapiga mbizi wa sponji walitumia miaka miwili kutoa makasha baharini. Elgin, akiwa na madeni, aliiuzia mali hiyo serikali ya Uingereza mwaka 1816 kwa pauni 35,000, pungufu sana ya alichodai ametumia. Bunge lenyewe liligawanyika: 82 waliafiki, 30 walikataa.

Kwa hiyo Elgin hakulibomoa hekalu zima; alilikuta gofu akaliongezea majeraha. Wala hakuchukua yote. Karibu nusu ya michongo ya asili imepotea kabisa. Ya nusu iliyosalia, sehemu kubwa imegawanyika kati ya London na Athens, na vipande vidogo viko Paris, Copenhagen, Vienna na kwingineko. Palermo ilirudisha kipande chake mwaka 2022, Vatican vyake vitatu mwaka 2023. Makumbusho ya Uingereza nayo hufungwa mikono na sheria ya mwaka 1963 inayoizuia kutoa mali zake, na ndiyo maana mazungumzo huzungukia neno "mkopo", ambalo Ugiriki hailipendi kwa sababu hukopi kilicho chako. Watanzania wanaofuatilia habari za mjusi mkubwa wa Tendaguru aliyesimama Berlin wanaijua ladha ya mabishano hayo.

Madhara ya watu wenye nia njema

Vita vya uhuru wa Ugiriki vilipoanza mwaka 1821, Akropoli ilizingirwa tena. Inasimuliwa kwamba waliokuwa ndani, risasi za bunduki zilipowaishia, walivunja kuta ili wapate risasi ya vibano. Kiswahili kinatumia neno moja kwa madini na kwa kinachotoka kwenye mtutu. Hapo vilikuwa kitu kimoja kweli.

Ugiriki huru ililifanya gofu hili nembo ya taifa, na nembo haikutakiwa kuwa na doa. Kuanzia miaka ya 1830 kilima kilisafishwa: nyumba za askari, msikiti mdogo mwaka 1843, na mwaka 1875 mnara mrefu wa enzi za watawala Wakatoliki kutoka magharibi uliokuwa langoni, kwa gharama za mwanaakiolojia Heinrich Schliemann. Vilivyoondolewa vilikuwa ushahidi wa karne nyingi za maisha kilimani. Wanaodhani Akropoli iliganda tangu enzi za Pericles wamedanganywa na usafi huo.

Kisha akaja mhandisi Nikolaos Balanos. Kati ya 1898 na 1933 aliinua tena nguzo za kaskazini, akaliunganisha jengo, na sura tunayoijua ni yake. Lakini alitumia vyuma vingi, vingine vikubwa, bila kuvizamisha kwenye risasi kama wazee walivyofanya, na mawe mengine aliyaweka pasipokuwa pake. Aliyejenga karibu na bahari anajua kilichofuata. Maji yakifikia nondo ndani ya zege, kutu huvimba, nayo inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo plasta hutoka na zege hupasuka vipande. Marumaru ilifanya hivyohivyo. Mawe yaliyonusurika mlipuko yalipasuliwa na dawa. Na hapohapo moshi wa magari na viwanda vya Athens ukawa unageuza uso wa marumaru kuwa jasi, ambayo mvua huiosha pamoja na pua na vidole vya michongo.

Kamati ya uhifadhi iliundwa mwaka 1975, na kazi kwenye Parthenon imeendelea tangu miaka ya 1980. Hatua ya kwanza ni kuvua kila chuma cha Balanos. Ya pili ni kulipa kila jiwe anwani yake: kwa vipimo, mbinuko na nafasi za vibano vya kale, kwa kuwa kila jiwe lilichongwa kwa mahali pamoja tu, wataalamu wanaweza kujua lilikokaa. Palipokosekana kipande, hawalikati jiwe la kale ili lilingane. Wanamimina plasta kwenye sehemu iliyovunjika, wananakili kila shimo na kila kinundu kwenye marumaru mpya ya mlima uleule, kisha wanaunga kwa vyuma vya titani, ambavyo havishiki kutu. Unene wa titani hupigiwa hesabu ili tetemeko likizidi, kibano kilegee kabla marumaru haijapasuka. Ni akili ileile ya risasi laini, kwa hesabu mpya.

Vipande vipya vinaonekana vyeupe mno kando ya vya kale, na wageni hulalamika kwamba vinaharibu sura. Marumaru ya Pentelikon ina chembe za madini ya chuma ndani yake, na miaka ikipita juani inageuka rangi ya asali. Nyeupe ile itapungua yenyewe. Nyeupe nyingine iko kwenye jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2009 chini ya kilima. Ghorofa ya juu ina vipimo na mwelekeo wa hekalu lenyewe, na mkanda wa michongo umepangwa ulivyozunguka: jiwe la asili rangi ya asali, kisha nakala ya plasta ya lililoko London, kisha la asili tena. Farasi mmoja anaweza kuanzia kwenye marumaru na kumalizikia kwenye plasta, na plasta haigeuki rangi.